Mwizi Aliyebisha Hodi

Phanice alikuwa amecheza ule mchezo mara mbili tu, huko Kibera kwa rafiki yake Osewe, kabla ya kuamua kuusimamia mwenyewe. Ni mchezo wa mezani: msimamizi anasimulia, wengine wanasema wahusika wao watafanya nini, na pakiwa na shaka dadu inaamua. Sababu yake ilikuwa jirani. Shivachi, au Baba Valerie, fundi wa makufuli pale mtaani Kabiro, tangu amzike mkewe Sella alikuwa amebakiwa na salamu tu. Ukimwambia "niaje," anajibu "poa," na maongezi yameisha.

Osewe alimwekea michezo mitatu achague. Wa kwanza ulikuwa wa majoka, kitabu kizito kama tofali. Phanice alisoma mpaka kwenye aina za panga, akakifunga. Wa pili, wa mizimu, ulikuwa mwepesi na mtamu, ila ulianzia makaburini. Aliurudisha bila maelezo. Wa tatu ulikuwa karatasi moja: wezi wawili, jumba la mfalme, taji.

"Huo ni wa watoto," Osewe alisema.

"Basi nitauweza."

Jumapili baada ya kanisa waliketi watatu kwenye kibanda cha Phanice cha ushonaji, cherehani ikiwa imesukumwa kando: yeye, Shivachi, na Elvis muuza mitumba. Mwizi wa Elvis alipanda paa hapo hapo. Ikafika zamu ya Shivachi.

"Uko mlangoni. Umefungwa. Utafanya nini, Baba Valerie?"

Shivachi alimrudishia Phanice karatasi.

"Mimi siibi."

"Ni game tu."

"Hata. Nitabisha hodi."

Phanice aligeuza karatasi. Kanuni za kuvunja mlango zilikuwepo, za kuruka ukuta pia. Za mwizi anayebisha hodi hazikuwepo. Akarusha dadu, ikaangukia sita.

"Mfalme mwenyewe amefungua," alisema. "Anauliza unataka nini."

"Mwambie kufuli lake ni bovu. Nani alimwekea?"

"Shemeji yangu," akajibu mfalme kwa sauti ya Phanice.

Shivachi alitikisa kichwa kwa masikitiko, kisha akaanza kueleza. Alieleza kuhusu kutu, kuhusu mafundi wa siku hizi, na jinsi Sella alivyokuwa akimshikia tochi kazini na kuimulika kila mahali isipokuwa kwenye kufuli.

"Na yeye yuko wapi?" mfalme akauliza.

"Alituacha mwezi wa nne."

"Pole sana."

"Asante."

Elvis akakohoa.

"Na mimi? Bado niko kwa paa."

"Ngoja," Shivachi alisema. "Tunaongea."

Taji halikuibwa. Wakati wa kuondoka, Shivachi aliuliza kama mfalme atakuwepo Jumapili ijayo, maana lango la nyuma hajalikagua. Phanice akasema atakuwepo. Kisha akampigia Osewe simu kumuuliza wafalme huwa na shughuli gani mchana.