Magoti ya Bibi Bokrye

Bibi Bokrye alikuwa na magoti mazima kuliko yangu. Hata hivyo, kwa miaka mitatu mfululizo, kila basi la matembezi lilipofika kijijini kwetu, huku Korea, kuwachukua wanawake kwenda kutazama maua ya miti ya cheri, yeye alifunga bendeji gotini na kusema mguu unamuuma. Bendeji yenyewe aliipata kwangu, kwenye zahanati ambayo muuguzi wake nilikuwa mimi peke yangu. Sikumuuliza lolote. Hilo ni kosa langu la kwanza.

Januari ya mwaka wa nne alikuja, akafunga mlango, akaninong'oneza kwamba akicheka, akikohoa au akiinua ndoo ya kimchi, kabichi zetu za kuchachusha, mkojo humtoka. Na basi letu lilijulikana. Wanawake hawakai vitini. Hucheza kwenye ujia kutoka kijijini hadi kwenye maua na kurudi, muziki ukipasua masikio, dereva akijifanya haoni.

Nilimuuliza kwa nini amekuja sasa, baada ya miaka yote hiyo. Akaniambia ni kwa sababu ya Bibi Jeomsun. Wawili hao waliolewa kijijini kwetu majira yale yale, wakapandikiza mpunga pamoja miaka arobaini na saba, na sasa mtoto wa Jeomsun alikuwa anamhamishia jijini Seoul mwisho wa Aprili.

"Nataka nicheze naye mara moja kabla hajaondoka," alisema. "Niwe mkavu siku moja tu, Nesi. Hiyo moja inanitosha."

Nilipima mkojo, nikaona hauna maambukizi wala sukari, nikampeleka kwa daktari mjini. Daktari akasema mfuko wa uzazi umeshuka kidogo kwa kuzaa watoto watano na kubeba mizigo maisha yote, tuanze na mazoezi. Nikampa somo: kaza misuli ya chini, hesabu hadi tano, legeza, mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Nikampunguzia kahawa ya pakiti, maana alikunywa vikombe sita kwa siku, na nikamkataza kujinyima maji. Nikampa karatasi yenye picha. Nikamuuliza kama ameelewa, akasema ameelewa. Nani husema hapana kwa swali kama hilo?

Baada ya wiki sita alirudi amenuna. Sasa alikuwa anavuja hata akiinama kuvaa viatu. Nilimwambia, kwa ukali usiokuwa na sababu, kwamba hafanyi mazoezi. Akaniapia kwa kaburi la mumewe kwamba anayafanya hata akicheza karata.

Kesho yake nilikwenda kwenye nyumba ya kijiji wanapokutania wazee mchana, kupima watu presha, nikawakuta wanawake wamekaa kwenye sakafu iliyopashwa moto wanacheza karata. Ghafla Bibi Bokrye akabana pumzi. Uso ukamwiva kama pilipili, mishipa ya shingo ikamtoka.

Bibi Jeomsun akatupa karata zake chini. "Mimi najitoa. Huyu akifanya uso huo ujue ameshika karata nzuri."

Wote wakacheka, isipokuwa mimi. Uso ule niliujua. Nimeuona kwa wanawake wanaojifungua. Alikuwa anasukuma.

Nilimvuta jikoni nikamwomba anionyeshe anavyofanya, mkono wangu ukiwa juu ya tumbo lake. Kweli, alikuwa anasukuma chini kwa nguvu zake zote, mara thelathini kwa siku, kwa wiki sita.

"Si ulisema nikaze?" alisema. "Nilikaza hivi hivi, watoto watano wakatoka."

Nikaona aibu kweli. Kuhusu sehemu ile, hakuna aliyewahi kumwambia mwanamke huyu kitu kingine zaidi ya kusukuma, na mimi nilikuwa nimempa karatasi. Sikumwambia anionyeshe. Niliinama kumwomba radhi, akasema niache kuinama nifundishe.

Jikoni tambi za mchana zilikuwa zinachemka. Nikamuuliza tambi huzilaje.

"Nazivuta. Kwa kelele."

"Basi vuta hivyo hivyo, ila kwa huko chini, na bila kelele. Zinapanda juu, haziteremki. Na pumua kama kawaida."

Akatazama ukuta, akajaribu. Tumbo chini ya mkono wangu halikusukuma tena, mabega yalitulia. Kisha macho yakamtoka.

"Kumbe," alisema polepole, "huku bado kuna mtu yuko kazini."

Zilibaki wiki sita. Nilimfundisha kukaza kabla ya kukohoa na kabla ya kuinuka, na kila Jumatatu nilimwambia anionyeshe. Kwenye karata Bibi Jeomsun alilalamika kwamba siku hizi uso wa mwenzake hausomeki. Nilimwambia Bokrye ukweli: amepata nafuu, hajapona, kupona huchukua miezi. Siku ya safari nilimpa pedi na kumpeleka chooni kabla basi halijaondoka.

Nilikaa nyuma ya dereva na sanduku langu la dawa. Wanawake walisimama kabla hatujavuka daraja. Bibi Bokrye alibaki kitini, ameshika mkoba. Bibi Jeomsun akampita akicheza, hakumwita. Alikuwa amezoea kukataliwa. Iliniuma.

Wakati wa kurudi, Bokrye akainuka mwenyewe. Alikwenda hadi kwa mwenzake, akainua mikono, akacheza, na Jeomsun akapiga ukelele wa furaha. Walicheza nyimbo nne. Kwenye kona basi likayumba, wakaangukiana wakicheka, na nikamwona Bokrye ameacha kucheza, mapaja ameyabana. Nilijua. Akamvuta Jeomsun hadi kiti kilicho nyuma yangu.

"Si magoti," alimwambia. "Haikuwa magoti hata siku moja. Nilikuwa navuja mkojo, nikaona aibu. Hata sasa vimetoka vitone."

Bibi Jeomsun akamgeukia.

"Miaka mitatu," alisema, "nimejiuliza nilikukosea nini."

Bokrye akaanza kulia, na mimi nikatazama barabara ili nisilie naye. Kisha nikahisi mkono wa Jeomsun begani kwangu.

"Nesi," alisema, "mwambie dereva apite njia ndefu."