Mteule wa Ghorofa ya Tatu

Mdogo wangu Rogath ameteuliwa. Wala si na chama. Ameteuliwa na filamu ya watu wanaopigana na maroboti angani, na aliyempelekea habari hiyo njema ni Zakayo, yule yule aliyekuwa akiuza makava ya simu jirani na duka langu la sahani na chupa za chai, hapo Mtaa wa Sikukuu. Makava yalimshinda. Sasa anaitwa Mtumishi, amepanga ukumbi ghorofa ya tatu kule Gerezani, juu ya maduka ya spea, na kila Jumapili anawasha projekta kuwafundisha vijana jinsi Mungu anavyochagua watu wake. Kijana kwenye filamu akivaa koti la chuma, huo ni upako. Chombo cha adui kikilipuka, Shetani kaaibika. Vijana wanaitikia amina huku wanatafuna bisi.

Ningecheka nikaendelea kuuza sahani zangu, lakini kwetu Rombo nyumba ya baba hurithiwa na mtoto wa kiume wa mwisho, na kazi yake kubwa ni kumtunza mama. Baba tumemzika mwaka huu. Mtoto wa mwisho ni Rogath. Krismasi, Wachaga wa Kariakoo tukifunga maduka na kupanda kwenda nyumbani, ukoo utakaa kumkabidhi kihamba, yaani shamba letu la migomba na kahawa, pamoja na nyumba ya mama iliyo katikati yake. Asipotokea, atakabidhiwa baba mdogo Tarsis, ambaye hajawahi kumpenda mama hata siku moja. Mama atageuka mgeni kwenye jiko lake mwenyewe.

Rogath akaniambia haendi.

"Mteule harudi nyuma, dada. Krismasi tuna ibada ya wateule."

"Nani kakwambia usiende?"

"Mungu. Amenitajia mpaka migomba."

Nilimtazama nikidhani ana homa. Jumapili iliyofuata nikavaa kitenge changu kizuri nikamfuata huko huko.

Ukumbi ulinuka oili chafu kutoka chini. Zakayo alikuwa ndani ya suti ya kung'aa, kipaza sauti mkononi ingawa chumba chenyewe ni kidogo kama stoo yangu. Akawasha filamu ile ile ya maroboti. Ilikuwa ya kutafsiriwa, zile ambazo jamaa wa mtaani anaongea juu ya sauti za wazungu na kutia chumvi anavyotaka ili wateja wacheke. Kijana mmoja, kwenye dunia ya barafu tupu, alikuwa anamuaga mzee. Mdomo wake ulifunguka mara moja tu. Mfasiri yeye akamwaga hotuba nzima: "Kwaheri mzee! Mimi ni mteule bwana, mambo ya migomba nimeshaachana nayo, kwetu sasa ni mjini!"

"Amina!" ukumbi ukalipuka. Rogath alikuwa amenyoosha mikono juu, machozi yanamtoka. Hasira zilinipanda hadi masikio yakawa ya moto. Mtu mzima na akili zake anaacha mama kwa sababu ya utani wa mfasiri!

Nikasimama. "Bwana Yesu asifiwe. Mtumishi, pale ni barafu tupu. Hiyo migomba imetoka wapi? Huyo ni mfasiri anajichekesha. Huyo kijana wa watu hajui hata ndizi inamenywaje."

Watu wakaguna. Zakayo hakutetereka, akatabasamu kama alivyokuwa akiwatabasamia wateja wa makava yanayopasuka kabla hawajafika kituoni.

"Dada Severa, Mungu alisema na Balaamu kupitia punda. Atashindwa kusema na Rogath kupitia mfasiri wa filamu?"

Amina ya safari hii ilitikisa mabati. Nikakaa. Lilikuwa jibu zuri, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Lakini yule punda, kwa jinsi nilivyofundishwa katekisimu, alikuwa anamzuia bwana wake asiende kuangamia.

Nikamshika Rogath mkono nikamtoa hadi kwenye ngazi. Sikubishana naye tena. Nilimpigia mama, nikaweka sauti kubwa, nikampa simu yeye.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Severa ananiambia huji."

Basi akamweleza. Alimsimulia filamu nzima, mashine, barafu, vita, jinsi kijana asiye na kitu alivyoitwa kwa jina lake kuokoa ulimwengu. Alisimulia vizuri, na kwa mara ya kwanza nikaona alivyotamani kuwa mtu fulani, si mtoto wa mwisho tu. Mama alisikiliza bila kumkatiza, akiitikia "ehee, ehee", kama alivyozoea kutusikiliza tukitoka shule.

"Filamu nzuri," akasema mwishoni. "Na mama yake huyo kijana alibaki na nani?"

Rogath akafikiri kweli kweli, maana mama alikuwa ameuliza kweli kweli.

"Alishakufa, mama. Mwanzoni kabisa. Kwenye hizi filamu za wateule mama huwa anakufa mapema."

Nilisikia kuku wa nyumbani wakilia nyuma yake.

"Aa," mama akasema, bila uchungu wowote, kama anayeomba radhi. "Basi mimi nimekuchelewesha, mwanangu."

Juu, Zakayo alikuwa anaita kwenye kipaza sauti: "Mteule Rogath, njoo mbele uwekewe mikono!" Akaita tena, na watu wakaanza kupiga makofi ya kumsubiri. Rogath alikuwa amekaa kwenye ngazi, simu ameishika kwa mikono miwili, anamuuliza mama kama mvua imeshanyesha huko.