Goti la Kushukuria

Kwa miezi saba Constantin alikuwa mkaidi. Wenzake katika kituo cha viungo bandia, askari waliorudi kutoka vita vya mashariki wakiwa wamepoteza mguu kama yeye, walifanya mazoezi ili watembee. Yeye alitaka kujua kupiga magoti, basi.

"Papa Constantin," Ngalula, mwalimu wake wa mazoezi, alimwambia, "kushuka unajua sasa. Kunabakia kusimama. Ile njo kazi ya nguvu."

"Kusimama itakuya yenyewe."

Ngalula alisonya, lakini alijua kisa chake. Kunda, askari mwenzake, alimbeba Constantin mgongoni siku mbili porini, akamfikisha kwa madaktari, akarudi vitani akafia huko. Mama yake Kunda, Domitille, aliishi mtaa wa Katuba. Na kwao mtu aliyetendewa jambo kubwa namna hiyo hashukuru kwa simu, wala akiwa ameketi kitini kama chifu. Hushuka chini akapiga makofi polepole. Ndiyo maana Constantin hakuwahi kukanyaga pale, na aibu ilimla kweli kweli. Kila asubuhi mwili ulipogoma, aibu hiyo ndiyo iliyomtoa kitandani.

Jumapili moja baada ya misa alikwenda. Mama Domitille alikuwa uani akichambua sombe, majani ya muhogo. Constantin aliweka fimbo pembeni, akashuka, goti la nyama kwanza, la bandia likafuata kwa kelele. Akapiga makofi.

"Aksanti, mama. Kunda alibebaka muntu ku mugongo. Ule muntu njo miye."

Mama Domitille aliacha sombe yake.

"Baliniletea karatasi ya kifo tu," akasema. "Niliwaza mutoto wangu alikufa ya bure. Kumbe uko."

Constantin alilia kwa shukrani, bila kujificha. Kisha akataka kuinuka. Wapi! Goti la bandia lilikataa katakata. Akajaribu tena, jasho likamtoka. Ukaidi wa miezi saba ulikuwa umemkwamisha kwenye vumbi la Katuba.

Mama akageuka, akainama mbele yake.

"Shika apa ku mugongo. Na Kunda nilimubebaka apa."

"Mama, niko muzito."

"Kunda alisemaka uko muzito?"

"Hapana, mama."

Constantin akamshika mabega, akasimama.

Jumatatu alifika kituoni kabla ya Ngalula.

"Unifundishe kusimama," akamwambia. "Mama amesema nirudie Jumapili, na mugongo yake imezeeka."