Mfuniko wa Tangi la Boila

Kabla fundi wetu Ajay hajafunga kile kimashine kwenye bomba la moshi, hatukugombania joto. Bomba lilipita nyuma ya boila, na kila mwanamke wa kiwanda chetu cha kufulia mashuka ya hoteli, hapa Hayes, ughaibuni, aliweka pale beseni lake la unga wa mandazi. Nyumba zetu ni baridi, hamira inalala tu. Ukija nao asubuhi, ukitoka kazini umefura, unaenda kukaanga.

Sasa kimashine kinanasa joto la moshi na kulirudisha kwenye maji yanayoingia boila. Bomba limepoa. Palipobaki moto ni mfuniko wa tangi la hayo maji, na hapo beseni linaenea moja tu. Kwenye mashine za kukaushia, chakula ni marufuku.

Ijumaa ile nilikuwa na oda ya mandazi ya harusi. Nikaweka langu mapema. Saa ya chakula nikalikuta sakafuni, la Jedidah, mkongwe wetu wa kazini, limekaa juu.

"Mama, umetoa unga wangu."

"Mama yako ni nani? Nilikuwa na boila hii wewe ukilia uji."

"Nina harusi ya jirani yetu kesho!"

"Kwani unaolewa wewe?"

Wenzetu wakacheka. Nikalivuta beseni lake, akalishika, tukavutana.

"Mwachie mzee!" mmoja akasema.

"Mzee gani na anavuta hivyo?"

Akatokea Sunil, meneja, Mhindi wa Kisumu. Kiswahili kinamtoka kama sisi. Ajay alikuwa nyuma yake.

"Wamama, mnapigania nini?"

"Mwambie atoe lake," nikasema. "Ni hapa tu unga unaumuka."

Sunil hakututazama. Alibandika kiganja kwenye mfuniko, akakitoa haraka.

"Ajay! Joto linatoroka hapa. Funika leo leo."

Ajay akaleta blanketi la rangi ya fedha, akalifunga tangi lote kwa waya. Tukabaki kila mtu amebeba beseni lake.

"Umefurahi?" Jedidah akaniuliza. "Mdomo wako umetumaliza sote."

"Ungeniachia nafasi yangu."

"Nafasi yako! Ulizaliwa nayo?"

Kwenye basi alikaa mbele, beseni ndani ya koti, vifungo vimekataa kufunga. Mimi nyuma, langu nimelivalisha sweta. Tulishuka kituo kimoja, hatukuagana.

Nyumbani nilifunua. Unga ulikuwa donge vilevile. Nikampigia mama wa bibi harusi, nikamwomba atafute mtu mwingine.

"Usijali," akasema. "Jedidah amenipigia sasa hivi. Anasema unga wake umeumuka."