Shokapu ya Mama Mkwe

Jina lake sitaliandika. Mkwe ni mkwe hata kwenye karatasi, na mimi Nkwabi, fundi baiskeli wa Kharumwa, nimeishi na binti yake Martina miaka yote hii bila kulitamka jina hilo hata kwa bahati mbaya. Nikimwona anakuja njiani nachepuka. Akinikuta kwenye watu anavuta kanga upande wangu. Salamu zetu zinapita kwa Martina, naye huzichelewesha makusudi akitaka kunichokoza.

Sasa, huyu mama ndiye mchanjaji wa kuku wa vijiji vya upande wetu. Kila msimu wa chanjo ya kideri anafunga kiboksi cha barafu kwenye keria, anapita nyumba kwa nyumba, anadondosha tone moja la dawa kwenye jicho la kila kuku. Kazi hiyo haitaki nguvu, inataka mkono uliotulia. Na mikono yake ilikuwa imeanza kumwangusha. Barabara zetu zimetafunwa na malori yanayopeleka mawe ya dhahabu makarashani kusagwa, na ile baiskeli yake ya zamani ilikuwa inaleta kila shimo moja kwa moja viganjani. Akifika kwa watu vidole vimekufa ganzi. Tone linaanguka mdomoni, shingoni, popote isipokuwa jichoni. Siku moja lilimpata mwenye kuku.

Shemeji yangu Boaz, mdogo wake Martina, akatoa amri kwa ule upole wa watoto wa kiume wanaodhani mama amezeeka. Raundi hii ikiharibika, baiskeli anaichukua yeye, mama atulie nyumbani. Mama hakubishana. Martina alimkuta jikoni anajaribu kutunga uzi kwenye sindano huku machozi yanamtoka. Aliponisimulia hayo alikuwa ananitazama kana kwamba barabara nimeichimba mimi. Niliumia kweli. Yule mama nilimjua akiwa juu ya baiskeli kabla sijajua kwamba ana binti.

Nilikuwa na baiskeli ya mtumba niliyoitoa Shinyanga mjini, ya gia, yenye shokapu za hewa mbele, nikaamua iwe yake. Hizi hazina springi. Unazijaza kwa pampu ndogo yenye geji, na hewa hiyo ndiyo inayombeba mtu. Nilizifungua, nikatoa vumbi la nchi mbili, nikabadilisha sili zilizochoka, nikalowesha sponji za ndani kwa oili, nikafuta yale mabomba mawili ya chuma yanayozama na kutoka mpaka nikajiona uso. Kwenye bomba moja kuna pete nyembamba ya mpira. Ukikaa, shokapu inabonyea na kuisukuma pete juu. Ukishuka, pete inabaki pale pale, inaonyesha umebonyea kiasi gani. Inatakiwa iwe kama robo hivi ya safari yake, yaani ya urefu wote shokapu inaoweza kubonyea. Ikizidi, shokapu inagota kwenye kila shimo. Ikipungua, ni heri uendeshe jembe.

Kwa hiyo mwenye baiskeli lazima apande, na fundi lazima achuchumae mbele ya magoti yake, atazame. Hapo ndipo mnaiona shida yangu.

Nilianza kwa njia ya adabu, nikamtuma Martina akaulize kilo. Jibu likarudi kwamba ni sitini. Nikamtazama Martina. Martina akatazama paa. Mama mkwe wangu ni mwanamke wa Kisukuma aliyeumbwa akaumbika, na hizo kilo sitini aliachana nazo zamani za kipaimara. Lakini mkwe atambishiaje mkwewe habari za uzito? Nikajaza hewa ya kilo sitini. Akaenda nayo sokoni, ikarudi pete imefika mwisho kabisa wa bomba na vidole vina ganzi ile ile.

Nikaongeza hewa kwa kubahatisha, nikapitiliza. Ujumbe ukaja kupitia Martina kwamba hata ile baiskeli ya zamani ilikuwa na huruma. Nikapandisha gunia la mahindi kwenye siti, nipimie hilo. Gunia halishiki usukani, halijui kuegemea mikono. Likaanguka, likapasuka, kuku wa jirani wakafanya sherehe, nami nikawatukana kuku mpaka sauti ikakauka. Raundi ya chanjo ilikuwa inaanza kesho yake. Boaz alishaanza kujipimia siti kwa kimo chake.

Martina ndiye aliyetutoa. Alichukua shuka letu la kitandani, lile la maua, akalitundika kwenye kamba ya nguo nyuma ya karakana. Baiskeli ikasimama kwa nyuma yake, na shuka likaishia juu kidogo ya gurudumu la mbele. Chini yake nikaachiwa gurudumu, mabomba mawili na pete yangu. Martina akasimama ukingoni akiishika baiskeli isianguke. Nikaagiza na kiboksi cha barafu kifungwe nyuma, maana nacho kina uzito wake.

Nikachuchumaa. Kwetu mkwe humsalimu mkwewe akiwa amechuchumaa kwa mbali, kwa hiyo siku hiyo heshima na kazi zilikutana.

“Mwambie mama ashike usukani kwa mikono yote miwili,” nikasema, “aegemee kama yuko njiani.”

“Mayu,” Martina akamwambia mama yake, “mkwilima wako anasema ushike usukani, uegemee.”

“Nimemsikia, mimi si kiziwi. Mwambie nimeegemea.”

“Amesema ameegemea.”

Pete ikapanda, ikasimama. Nikapima kwa vidole, nikaomba ashuke, nikaongeza hewa, nikaomba apande tena. Tukaenda hivyo, ashuke, apande, Martina akirudia kila neno kwa uso mkavu, mpaka pete ikatua pale pale ninapopataka. Ndipo nikajua uzito wa kweli wa mama mkwe wangu, maana geji haina adabu. Martina akauliza ni kilo ngapi. Nikamwambia sitini.

Nyuma ya shuka kikapasuka kicheko. Sikuwahi kukisikia kwa karibu hivyo, kicheko kizito cha kifuani, kikatikisa baiskeli nzima. Pete ikaruka, ikabidi tupime upya.

Kisha nikaomba akandamize usukani kwa nguvu halafu auachie ghafla. Shokapu ikazama, ikarudi kama paka aliyekanyagwa mkia, gurudumu likanyanyuka kutoka chini. Nikajipiga paji la uso. Kumbe mashimo hayakuwa peke yao. Shokapu yenyewe ikirudi ilikuwa inamrushia usukani viganjani, njia nzima, na mimi nimehangaika na kilo nikasahau kitasa. Pale chini ya mguu mmoja wa shokapu kuna kitasa chekundu kinachopunguza kasi ya kurudi. Nikakizungusha kidogo kidogo, yeye akikandamiza na kuachia, mpaka ikawa inazama na kuinuka taratibu kama mtu anayepumua usingizini.

Akakandamiza tena bila kuambiwa. Na tena.

“Martina,” akasema, “mwambie mkwilima kwamba sasa inaniitikia.”

Martina hakurudia. Alikuwa anafuta macho kwa ncha ya shuka langu.

Raundi nzima sikufanya kazi ya maana. Mteja aliniletea tyubu iliyotoboka, nikaiziba pasipotoboka. Siku ya mwisho Boaz alikuja mapema, akakaa kwenye benchi la karakana na kamba ya kufungia baiskeli kwenye pikipiki yake. Kwapani alikuwa na jogoo. Alisema anataka kuona kwa macho yake, si kusimuliwa. Vumbi la mama lilipoonekana barabarani nikaingia nyuma ya rundo la matairi kama mkwe mwenye malezi, lakini nikajiachia upenyo wa kuchungulia.

Alishuka. Kwa kawaida akishuka hukung'uta mikono kama aliyeungua. Safari hii hakukung'uta. Akatoa kichupa kwenye kiboksi, akamwambia Boaz amshike jogoo vizuri, akainua mkono. Yule jogoo alikuwa mbishi, anageuza kichwa huku na huku. Mkono ulingoja. Alipotulia tu, tone likadondoka katikati ya jicho. Jogoo akapepesa. Mama akauliza kama kuna mwingine.

Boaz alitazama jicho la jogoo, akatazama mikono ya mama yake. Kisha akachukua ile kamba aliyokuja nayo, akaenda kukaza kiboksi cha barafu kwenye keria kilichokuwa kimelegea. “Haya, mama,” akasema. “Endelea na kazi yako.”

Nilifurahi mpaka nikajisahau, nikasimama, rundo la matairi likanimwagikia. Mama mkwe akavuta kanga upande wangu. Kanga ilikuwa inatikisika kwa kicheko.

Tangu hapo kila Jumamosi naikuta baiskeli imeegeshwa karakanani, mwenyewe ameshapita. Naisoma pete. Ikiwa katikati, najua alienda kwa utaratibu. Ikiwa juu kabisa, najua karavati la njia ya makarasha amelipita mwendo wa kijana, na Martina namtuma akamgombeze kwa niaba yangu.

Jumamosi moja nilikuta mabomba ya shokapu yamevishwa soksi mbili za kufuma, za uzi wa njano wenye maua ya kijani. Kazi nyembamba, tundu kwa tundu, hakuna lililokosewa. Martina akasema kila jioni mama yake alikuwa anakaa kuzifuma, za kuzuia vumbi, na sindano ametunga uzi mwenyewe.

Sasa niseme kama fundi. Hakuna kitu kibaya kwa shokapu kama uzi uliolala juu ya bomba. Unanasa vumbi, vumbi linasaga sili, sili zikisagika oili inavuja na hewa inafuata. Fundi yeyote mwenye akili timamu angezivua soksi zile akazitupa.

Mimi kila Jumamosi nazivua, nazifua, nafuta mabomba, nazianika kwenye ile kamba tuliyotundika shuka, na zikikauka nazivisha tena.