Sauti Iliyobaki Kwenye Seva

Kidole changu kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe cha kuanzisha mashine upya, wifi yangu akanidaka mkono.

"Thubutu!" akasema.

Hasira zangu ziko karibu, sikatai. Tangu asubuhi ukurasa ninaoandikia programu ulikuwa umeganda, unaniambia tu kwamba muunganisho umekatika. Na humo ndimo nilimokuwa naifundisha mashine sauti ya kaka yangu. Kaka ni mwalimu. Alipasuliwa koo, akapona, lakini sauti haikurudi, na siku hizi anaongea kwa kuandika kwenye simu. Nilikusanya rekodi za masomo yake ya zamani, nikazipakia kwenye seva ya kukodi huko mtandaoni, yenye kadi ya GPU, ile inayopiga hesabu nzito za kufundishia. Muda wa kukodi ulikuwa unaisha jioni ile, na ukiisha kila kitu kinafutwa.

"Ukianzisha upya, yote yaliyomo kwenye kumbukumbu yanapotea," alisema. "Tusome kwanza."

Wifi ni fundi wa seva kwa kazi yake, na kaka humwita Bosi. Ana mtindo mmoja ambao kwa kawaida hunichosha: kitu kikiharibika, huikalia mikono yake yote miwili, asiguse chochote mpaka aelewe. Basi akaikalia, mimi nikawa mpiga chapa wake.

"Fungua dirisha la amri. Angalia kadi."

Kadi ilikuwa inachapa kazi kwa nguvu zote.

"Umeona? Kazi iko hai, ukurasa tu ndio umekatika. Haya, diski."

Diski ilikuwa imejaa pomoni. Nilikuwa nimehifadhi nakala ya kila hatua.

"Wifi, wewe na ile mifuko yako ya plastiki jikoni! Hutupi kitu. Sasa ikimaliza, itaandika wapi?"

Nilifuta nakala za zamani moja moja, yeye akilisoma kila jina kabla sijabonyeza. Yeye, ambaye sauti ya mume wake ndiyo iliyokuwa humo ndani, hakuharakisha hata kidogo wala hakunigombeza tena. Namvulia kofia mwanamke yule, na sijawahi kumwambia.

Jua likielekea kuzama, mashine ikamaliza na faili la mwisho likaandikwa. Tukalipakua kwenye kompyuta yangu kabla seva haijafungwa. Kaka, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote, akavuta kiti, akaandika sentensi, akabonyeza.

Sauti ikatoka, ileile yake, yenye mkwaruzo kidogo na utani ndani yake:

"Bosi, sasa unaweza kutoa mikono."

Wifi hakuitoa. Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni, na kaka ndiye aliyemfuta.