Mlango wa Pembeni

Mama yangu, Iris, alizaliwa Mprotestanti akaolewa na Mkatoliki, na hapa kwetu Fermanagh, penye uadui wa zamani kati ya madhehebu hayo mawili, kosa la namna hiyo halizeeki. Alikuwa akisema siku ya harusi yake hakuja hata mbwa wa kwao. Alipougua akawa hawezi tena kushika kitabu, nikawa namsomea riwaya ya enzi za bibi zetu, habari za msichana aitwaye Selina aliyeolewa vilevile.

"Soma polepole," alinigombeza. "Unasoma kama padri mwenye njaa."

Alasiri moja tukafika kwenye harusi. Selina alifungishwa ndoa alfajiri, bila kinanda wala maua, kama walivyofanyiwa wote wa ndoa za mseto, kisha akatolewa kwa mlango wa pembeni. Hakujua kwamba kaka yake alikuwa amesimama kwenye lango la mbele, kofia mkononi. Chama chake cha Kiprotestanti kilimkataza kuingia kanisa la Kikatoliki. Langoni ndipo aliporuhusiwa kufika.

Mama aliweka mkono juu ya ukurasa. Chai yake ikapoa.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Attracta," akasema, "na mimi walinitoa kwa mlango wa pembeni. Sikuangalia langoni."

Tangu siku hiyo nyumba haikuwa yetu peke yetu. Mama alinikatiza nikisoma: "Nani huyo anakohoa nje?" Nilikwenda dirishani nikaona lango na mvua, basi. Mara ya kwanza nilicheka. Baadaye nikaanza kukisikia na mimi, kikohozi kikavu cha mtu aliyesimama muda mrefu kwenye baridi. Niliogopa, na sikumwambia.

Alitaka jambo moja tu kabla hajafa: kujua kama Mervyn, kaka yake, alikuja siku ile. Hawakuwa wamesemezana tangu aolewe. Nikampigia simu.

"Mjomba, mama anauliza kama ulisimama langoni siku ya harusi yake."

"Nani kamtia maneno hayo?"

"Kitabu."

"Mwambie yaliyopita si ndwele."

"Kwake ni ndwele, mjomba. Anakufa. Ulikuja, hukuja?"

"Amuulize aliyekiandika." Akakata.

Jeuri ya ukoo ule! Nilirudi chumbani nikamwambia mama kwamba Mervyn amesema ndiyo. Alinitazama, akacheka.

"Mwongo wewe. Mervyn hajasema ndiyo tangu azaliwe."

Alikufa kabla hatujamaliza kitabu. Kikohozi kilikoma siku hiyohiyo.

Misa nzima ya mazishi nilikuwa nikigeuka kutazama mlango, na mjomba hakuingia. Tulipotoka na jeneza, Mervyn alikuwa langoni, mzee, ameloa chapachapa, kofia mkononi. Kwetu watu hupokezana jeneza njiani, na hakuna anayemzuia mtu kutia bega. Akaja akashika upande wa kichwani, mbele yangu.

Tukapanda mlima kwenda makaburini. Alikuwa akinong'ona, mdomo karibu uguse mbao.

"Nilikuja, Iris. Nilikuletea mashuka aliyoyadarizi mama yetu. Nilisimama mpaka wakafunga lango. Nikadhani umeniona, ukapita mlango wa pembeni kunikwepa."

Miaka yote ile. Na simu ilikuwa mkononi mwake, na mama alikuwa hai, anasubiri neno moja. Nilimwonea huruma na nikatamani kumsukuma mtaroni, vyote kwa pamoja.

"Sema kwa nguvu, mjomba," nikamwambia. "Hasikii."